Gramu za Mume Wangu

Siku niliyoikuta pedeli ya baiskeli ndani ya mizani yangu ya vileja ndiyo siku niliyojua kuwa nyumba yangu imeingiliwa.

Mizani ile si chombo cha mchezo. Mimi napika vileja na visheti vya harusi, na wanaonipa oda wanajua kwamba kileja hakisamehe. Ukizidisha samli kinatandaa kwenye trei, ukipunja kinakuwa kigumu mpaka mwenye meno yake yote anakitazama kwa wasiwasi. Kwa hiyo mizani haiguswi. Watoto wetu walikua wakijua hivyo, wakaoa na kuolewa na kuhamia kwao wakijua hivyo. Asubuhi hiyo nilimaliza kuchekecha unga wa mchele nikaenda kunawa, na niliporudi nikamkuta mume wangu kakaa mezani, miwani puani, mwalimu wa hesabu mstaafu mzima, anasoma namba za mizani yangu huku pedeli yenye grisi imelala kwenye bakuli langu.

"Nzito hii," akasema kwa masikitiko. Hata hakuniangalia.

"Toa kitu hicho kwenye mizani yangu."

"Kidogo tu, mke wangu. Nnapima."

"Unapima ili iwe nini?"

"Nijue ntapunguza wapi."

Nikaosha bakuli kwa maji ya moto, nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Baiskeli yenyewe aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha watu kuzamia kule Kiwengwa, akawa anarudi kwao. Ya alumini, rangi ya buluu, matairi membamba, hendeli imepinda kwa mbele kama pembe za kondoo. Kabla ya hapo alikuwa na baiskeli ya Kichina, nyeusi, ya chuma kitupu, yenye madigadi mbele na nyuma, stendi ya miguu miwili, na keria ambayo ungeweza kuiwekea gunia la mkaa isigune. Na gunia la mkaa imebeba kweli. Imebeba godoro. Imebeba watoto wetu wote kwenda chuoni, mmoja mbele na mmoja nyuma, misahafu yao kifuani. Imenibeba na mimi, sikukuu ya Idi, nimekaa upande na buibui langu, tukaenda mpaka Mbweni kwa mama yangu, na njia nzima mume wangu akipiga kengele hata pasipo na mtu. Baiskeli ile ililala chini, ukumbini, imeegemezwa ukutani tu, na hakutokea mwizi hata mmoja aliyejisumbua nayo.

Hii ya buluu ilikataa kulala chini. Yaani mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema watu wataing'oa vyombo kimoja kimoja, asubuhi tukute fremu. Kwa hiyo kila akirudi huitia begani na kupanda nayo ngazi mpaka juu, sebuleni, ikasimama baina ya kochi na friji. Mgeni akija, kwanza anaamkiana na baiskeli.

Na ngazi zetu si ngazi za kuchezea. Tunaishi ghorofa ya juu kabisa katika nyumba ya zamani, na waliozijenga ngazi zile nadhani hawakuwa na magoti. Zimesimama wima, zina giza mchana kweupe, na katikati zinakata kona penye kidirisha kidogo kinachoangalia uchochoroni. Mimi mwenyewe nikitoka sokoni hupumzisha makapu pale konani, nikashusha pumzi, nikaendelea.

Basi vikaanza kuja vifurushi. Mtu akitoka Dar anamletea kifurushi, mtu akitoka Dubai anamletea kifurushi. Ikaja siti mpya, nyembamba kama mwiko wa kupakulia, haina sponji wala huruma. Ukaja mti wa kushikia siti, wa kaboni, kitu cheusi chepesi ambacho alinipa nikishike kwa mikono miwili kama anayenipa kichanga. Zikaja ringi. Ikaja hendeli. Zikaja mpaka nati, nati za titani, eti zile za chuma zinaongeza uzito. Kila kipya kikija, cha zamani kinatolewa, na vyote viwili vinapita kwenye mizani yangu, kipya upande huu wa meza, cha zamani upande ule. Halafu anatoa tofauti kichwani, anatabasamu peke yake.

Kengele akaiondoa.

"Sasa humu vichochoroni utawapigia nini watu?" nikamuuliza.

"Ntapiga hodi."

Akaondoa na vifuniko vya kwenye vali za matairi, vile vidogo kama punje ya hiliki. Nilimkuta anavipima. Mizani yangu haikuvitambua hata, ikabaki kwenye sifuri, na mume wangu akaigonga kwa kidole akidhani imekufa. Nilimwambia kama hajatoka jikoni kwangu dakika hiyo, mimi na mizani yangu tutahamia kwa mama.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba haikuwa na maana. Kisiwa chetu hiki mlima hakina. Kina vijimwinuko viwili vitatu kule upande wa Masingini, na yeye hajapita huko miaka. Nikamwuliza kwa upole kabisa, maana siku hiyo oda ilikuwa imetoka vizuri: baiskeli nyepesi ni ya kupandia milima, sasa mume wangu, mlima wako uko wapi?

Akajibu, "Upepo."

"Upepo ndio unaopanda?"

"Upepo wa mbele, huu wa huko mashamba. Huelewi."

Na kweli sikuelewa. Nilielewa nini, mimi niliyekuwa nikimwona mtu mzima anakata ncha ya uzi wa breki kwa mkasi wangu wa kukatia karatasi za trei, eti umezidi urefu!

Halafu kukawa na jambo la mtungi wa gesi. Jiko langu ni la gesi, na mtungi ukiisha lazima ushushwe na mwingine upandishwe. Miaka yote alikuwa akipandisha yeye. Sasa akawa anamwita mchukuzi wa pale kwenye duka. Mara ya kwanza sikusema. Mara ya pili nikamwambia, "Baiskeli kila siku unaibeba begani, tena kwa madaha, mtungi wa mkeo ndio umekushinda?"

"Mtungi haujapunguzwa," akajibu.

Tukagombana siku nzima. Nilikasirika mpaka nikatia chumvi kwenye visheti pahala pa sukari, na ilibidi nianze upya.

Na nguo. Mume wangu ni mtu wa kanzu na kofia, suruali yake ya kwenda kazini ilikuwa na mikunjo miwili mbele. Sasa akatoka na kaptula nyeusi ya kubana na fulana ya kubana yenye mifuko mgongoni, rangi mbili tatu zinapiga kelele. Jirani yetu wa chini, mwanamke anayejua habari za watu kabla hazijatokea, akanisubiri mlangoni kwake.

"Mumeo kapungua," akasema. "Kapendeza. Kawa kijana."

"Baiskeli," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu. Huanza hivyohivyo." Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilicheka. Nikapanda ngazi ninacheka. Nilipofika pale konani cheko limekwisha, nimesimama na kapu langu, najiuliza huanza hivyohivyo nini.

Kwa sababu kulikuwa na mambo mengine. Mwanzoni, alipoanza na baiskeli ya buluu, kila Jumapili alikuwa akitoka alfajiri na wenzake, wanaume watano sita wenye kaptula kama yake, wanakwenda mpaka Kiwengwa, au Bwejuu, wanarudi adhuhuri wamekuwa wekundu kwa jua na wanapiga kelele ukumbini kama watoto waliotoka skuli. Baadaye akawa anasema leo Kiwengwa mbali. Halafu akawa hatoki na wenzake tena, eti wanakimbia ovyo. Mwisho ikawa ni Mbweni tu, anatoka peke yake, anarudi peke yake. Mbweni ni hapo tu. Lakini kwa Mbweni hiyo hiyo alikuwa akimaliza asubuhi nzima, kama ile aliyokuwa akimaliza kwa Bwejuu. Baiskeli inazidi kuwa nyepesi, safari inazidi kuwa fupi, na muda ni uleule. Mimi sikusomea hesabu kama yeye, lakini hiyo hata mimi iliniingia.

Nikirudi kwenye Mbweni, ndiko aliko mama yangu. Anaishi peke yake karibu na magofu, hataki kuja mjini, anasema mjini nyumba zinapanda juu kwa sababu ya kiburi. Zama za baiskeli nyeusi, kila Jumapili mume wangu alikuwa akimpelekea furushi langu: mchele, sukari, sabuni, samaki wa kukaanga, na vileja vilivyovunjika, maana mama anasema vilivyovunjika ndivyo vitamu. Analifunga kwenye keria kwa mpira, anakwenda, anakaa mkekani kwa mama yangu anakunywa chai, anapewa nazi na mihogo arudi nayo. Miaka na miaka. Mama yangu humwita mwanangu, na mimi huniita wewe.

Baiskeli ya buluu haina keria.

"Itie," nikamwambia.

"Itashika wapi? Mti wa siti ni kaboni, haukazwi hivyo, utapasuka."

"Sasa furushi la mama?"

"Ntatafuta njia."

Njia aliyoitafuta ni kwenda mikono mitupu. Mkwe, anakwenda kwa mama mkwe wake mikono mitupu! Na si hilo tu. Kwa kuwa amevaa vile vinguo vya kubana, anaona haya kuingia. Hapo namwelewa, mimi mwenyewe ningemfukuza. Kwa hiyo anasimama nje ya ua, anapaza sauti, "Shikamoo mama!" Mama anajibu marahaba kutoka ndani, anavuta kanga kichwani, anatoka kumkaribisha, anakuta njia tupu.

Furushi nikawa nalipeleka mwenyewe katikati ya wiki. Mama alipokea, akaliweka, akanitazama.

"Mumeo mzima?"

"Mzima, mama."

"Mbona haingii?"

"Kavaa vibaya."

"Kwa nini avae vibaya kuja kwangu?"

"Nguo za baiskeli hizo. Ana baiskeli mpya, anaipunguza uzito."

"Kwa nini?"

Na mimi nikampa lile nililopewa. Nikasema upepo. Mama yangu akatikisa kichwa taratibu, akaninawisha mikono mwenyewe kwa birika, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa mwari. Nilijua keshakata shauri kuhusu ndoa yangu.

Hivi ndivyo mama alivyolipanga jambo, na simlaumu, kwa sababu mtu yeyote wa hapa kwetu angelipanga hivyohivyo. Mwanamume wa umri ule amekonda, amenunua vitu vipya, amevaa vinguo vya ujana. Amewaacha wenzake, anatoka peke yake, harudi kwa wakati. Kwa mama mkwe haingii, hapeleki kitu, hatazami mtu usoni. Huyo ana mke mwingine, au yuko njiani kumpata, na haya ndiyo inayomsimamisha nje ya ua. Nani angefikiri vingine? Mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja na nilikuwa nishaanza kufikiri hivyo. Nitasema wazi: nilikuwa nikizinusa zile fulana kabla ya kuzifua. Zilinuka jasho na grisi. Haikunituliza. Niliogopa, na kwa kuwa nimezaliwa hivi nilivyo, hofu yangu yote ilitoka kwa njia ya ugomvi. Niligombana naye kwa ajili ya grisi kwenye taulo. Niligombana naye kwa ajili ya ile tabia yake ya kusimama pale konani kwenye ngazi kila akirudi, nusu saa nzima, nikimwita ananijibu kutoka gizani, "Nnasafisha mnyororo!"

"Usafishie chini!"

"Naja!"

Wala haji. Chai inapoa. Nikaapa kwamba siku moja nitaushika ule mnyororo niutupe baharini.

Basi ikawa Jumapili. Nilikuwa na oda kubwa ya harusi, trei mbili zimo ndani ya oveni na mbili zinasubiri, jiko zima linanuka hiliki. Mume wangu ametoka tangu alfajiri. Nikasikia hodi chini kabisa, sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuja kwangu bila ya kuletwa na kusaidiwa. Nikakimbilia kichwani mwa ngazi.

"Mama?"

"Naam."

"Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu. Usishuke, utaunguza vitu vya watu. Mumeo kesharudi?"

"Bado."

"Bado!" akasema, na niliisikia furaha ya mtu aliyeona dalili yake imethibitika. "Kapita kwangu asubuhi, kapiga shikamoo yake nje ya ua, kaondoka. Mie nimekoga, nimevaa, nimesubiri gari, nimefika. Yeye na hiyo baiskeli yake nyepesi hajafika. Kapitia wapi?"

Alikuwa anapanda, kidato kimoja baada ya kimoja, mkono ukutani. Alipofika konani mwanga wa kidirisha ukamwangukia, nikaona alichobeba kwapani. Ni lile begi kubwa la mistari ambalo watu huliita shangazi kaja, na lilikuwa tupu, limekunjwa.

"Begi la nini, mama?"

"La nguo zako."

Akakaa kwenye kidato kupumzisha magoti. Mimi nilisimama juu, unga mpaka viwikoni. Mama yangu mzazi amekuja kunichukua. Katika umri huu, na wajukuu, nirudishwe kwetu na begi. Halafu nikasikia harufu ya samli inayoanza kuungua, nikarudi jikoni mbio, kwa sababu harusi ya watu haijali kama ndoa yako inavunjika.

Nilikuwa natoa trei ya pili niliposikia mlango wa chini unafunguliwa, na tairi likagusa ukuta. Amerudi. Nikaiweka trei popote, nikatoka.

Alikuwa anapanda na baiskeli begani. Kutoka juu nilimwona nusu, gurudumu kwanza, halafu bega, halafu kichwa. Alimwona mama amekaa pale konani na begi lake mapajani. Hakukuwa na pa kukimbilia, hakuna ua, hakuna njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaiegemeza baiskeli kwenye kidirisha. Nikasema sasa ataomba radhi, atapita upesi akabadilishe nguo. Hakupita. Alikaa. Na kile kikaptula chake, alikaa kidato kimoja na mama mkwe wake, bega kwa bega, na mimi huku juu haya ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua kinywa nimkemee.

Ndipo nilipoisikia ile pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, yenye kukwaruza, inayokwenda mbio na haifiki. Nikadhani ni ya mama. Nikasema maskini, magoti na sasa kifua. Lakini mama akaanza kusema, kwa sauti yake ileile kavu, na ile pumzi ikaendelea chini ya maneno yake.

"Mwanangu, na wewe unapumzika hapa?"

Alivuta pumzi kwanza. "Kila siku, mama."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na njiani je?"

"Njiani pia. Nna mahala pangu pa kukaa. Pale Mazizini, na tena pale Kilimani."

"Mkeo anajua?"

"Anajua nnasafisha mnyororo."

Nilimwona mama ananyoosha mkono, anaigusa siti ile nyembamba.

"Na hii unaipunguza kwa ajili hiyo?"

"Nlidhani nikiipunguza ntafika juu bila ya kusimama," akasema. Alikuwa anasema kidogo, anapumua, anasema tena. "Mwanzo ilisaidia. Halafu nikaona sifiki, nikatoa vitu vingine. Nshatoa vyote, mama. Hakuna kilichobaki cha kutoa, na ngazi kila siku zinaongezeka."

"Nilikuja kumchukua mwanangu," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Nilidhani umeoa."

Mume wangu akacheka. Cheko likageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, na alipoweza kusema akasema, "Mke wa pili, mama? Na ngazi hizi?"

Mama yangu naye akacheka. Walicheka wote wawili kwenye giza lile, wamekaa kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari, na mimi nilikuwa nateremka. Sijui nilivyoteremka. Najua nilikuwa napiga kelele na kidole changu chenye unga kinamwelekea.

"Umepima nati! Umepima vifuniko vya vali! Mizani yangu umeinukisha grisi mpaka leo naikosha kwa ndimu! Kila kitu nyumba hii umekipima, na kifua chako hukukipeleka kupimwa?"

"Ungenizuia baiskeli," akasema.

"Ningekuzuia! Ningekufungia kwenye friji! Kwa nini hukunambia?"

Aliniangalia, na pale penye mwanga wa kidirisha nikamwona uso wake, ambao nilikuwa siutazami kwa miezi kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuugombeza. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Ile shingo ya mtu ambaye jirani alisema kawa kijana ilikuwa mshipa na ngozi.

"Hebu pisha," nikamwambia, maana sikuwa na jingine la kusema. "Pisheni nyote."

Nikaishika baiskeli. Nilikuwa sijawahi kuinyanyua. Miezi yote ile nilivyokuwa naisikia ikipimwa na kutukuzwa, sikuwahi hata mara moja kuitia mkononi. Nilijikaza nikaivuta kwa nguvu zangu zote, kama ninavyovuta gunia la unga, na ikaja juu upesi mno, nikapepesuka na kujigonga ukutani. Ilikuwa haina kitu. Niliishika kwa mkono mmoja. Nilipanda nayo ngazi zote zilizobaki kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kanga yangu nisijikwae, na sikusimama, wala sikushusha pumzi. Nilipofika juu nikageuka. Mimi niliyekuwa sijawahi kupanda baiskeli ila kwenye keria nilikuwa nimesimama na kitu kile mkononi kama nimeshika kapu tupu, na huko chini nilikuwa bado naisikia pumzi ya mume wangu anayejaribu kusimama. Nikaiweka chini, nikakaa sakafuni kando yake, nikalia kwa hasira. Kitu chepesi namna ile ndicho kilichokuwa kinamshinda.

Begi la mama hatukulirudisha tupu. Tulilijaza nguo za mume wangu, kanzu mbili, shuka, ndala, na chupa ya chai, tukampeleka hospitali siku ileile, na mama akapanda mbele kwa dereva wa teksi, akimwambia apite taratibu kwenye matuta. Mgonjwa wetu alilazwa. Ule moyo wake ulikuwa umetanuka na kuchoka, wakasema, umechoka muda mrefu. Vileja vya harusi vilipelekwa na jirani wa chini, ambaye tangu siku hiyo hajanieleza tena mambo yanavyoanza.

Sasa tunaishi Mbweni, kwa mama, nyumba ya chini isiyo na hata kidato kimoja mlangoni. Mume wangu anameza dawa zake asubuhi na jioni na anaruhusiwa kutembea mpaka kwenye magofu na kurudi. Baiskeli ya buluu tulihama nayo, nilishindwa kuiuza. Imesimama ukumbini, haina kengele, haina keria, haina matumizi. Kila nikifagia lazima niinyanyue, na kila nikiinyanyua inakuja juu upesi vilevile, na hasira zinanirudi upya kama za siku ile, nasema peke yangu, nabamiza ufagio.

"Taratibu!" anapiga kelele kutoka mkekani. "Kaboni hiyo!"

Namwambia anyamaze. Halafu nasimama na ufagio wangu, nasubiri nimsikie tena.